Barua kwa mwanangu: saa ya kumvisha mwenzako siku ya harusi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema umeweka akiba kimyakimya kwa miaka miwili ili siku ya harusi umvishe mwenzako saa ya maana, ya kukaa naye maisha, na sasa fedha zimetimia umekwama. Rafiki zako wanakushauri uchukue ile ambayo kila mtu akiiona anaijua. Muuzaji anakusukumia nyingine, nyembamba, ya dhahabu. Na wewe unaniuliza: "Mama, ninunue ipi nisije nikajuta?"

Nianze na yangu, ambayo hujawahi kuisikia yote. Baba yako alinipa saa siku tuliyofunga ndoa. Ilikuwa ya dhahabu, nyembamba kama sarafu, ya kujazwa ufunguo kwa mkono kila asubuhi, na mkanda wake ulikuwa wa ngozi nyeusi. Uzuri wake ndio uliokuwa taabu yangu. Niliogopa kuivaa jikoni, niliogopa kuivaa mvuani, niliogopa kuivaa nikiwa nimekubeba wewe nisije nikakukwaruza au wewe ukaigonga. Nikairudisha kwenye kisanduku chake. Katika miaka tisa sidhani kama niliivaa mara kumi. Baba yako hakusema neno, ila kila tulipotoka alitupa jicho kwenye mkono wangu, nami nilijua anatafuta nini.

Siku nilipoitoa nikaijaza, ilitembea kidogo ikasimama. Fundi aliifungua mbele yangu akanionyesha: mafuta yalikuwa yamekauka na kuganda kwenye ekseli za magurudumu. Nilidhani nimeitunza, kumbe saa huzeeka hata ikilala sandukuni. Nililia pale dukani, mwanangu, na sikulilia dhahabu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako halihusu jina la saa. Je, mwenzako ataivaa siku ya kazi? Si siku ya sherehe, si siku ya picha. Siku ya kawaida, ameamka amechelewa, anaokota vitu vyake mezani na kutoka. Saa utakayomnunulia iwe ile ambayo mkono wake utaifuata bila kufikiri.

Sasa tuitazame kazi yake. Yeye ni mtu wa mitambo ya sauti, anashinda katikati ya spika, na kila spika ina sumaku. Ndani ya saa ya mashine, ile isiyotumia betri, kuna gurudumu dogo linaloyumba kwenda na kurudi, likivutwa na springi nyembamba kama unywele iliyojikunja mviringo. Saa nyingi za siku hizi hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mapigo 8 kila sekunde. Springi hiyo ikishika sumaku, mikunjo yake hunatana, inakuwa kama imefupishwa, na saa inaanza kukimbia, pengine dakika kadhaa kwa siku. Haijaharibika. Fundi huiondoa sumaku kwa muda mfupi tu kwa kifaa chake. Lakini fikiria mwenzako akienda kwa fundi kila mwezi na zawadi yako mkononi. Ataichoka, kisha ataanza kuiacha nyumbani, na safari ya kisandukuni itakuwa imeanza.

Watengenezaji wanalijua tatizo hili siku nyingi. Rolex walitoa saa iitwayo Milgauss miaka ya 1950 kwa ajili ya watu wanaofanya kazi karibu na sumaku na umeme mkubwa, na jina lenyewe linataja gausi 1,000 inazozistahimili (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Omega walikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2015 wana saa ziitwazo Master Chronometer, zinazopimwa chini ya usimamizi wa taasisi ya vipimo ya Uswisi, METAS, na kuwekwa kwenye sumaku ya gausi 15,000. Sehemu zake nyeti, ikiwamo springi hiyo, hutengenezwa kwa silikoni na metali ambazo sumaku haizishiki. Sikwambii ununue hiyo lazima. Nakwambia ukifika dukani, kabla hata ya kuuliza bei, uliza hivi: saa hii inastahimili gausi ngapi? Muuzaji akikujibu kwa sifa za umbo na umaarufu, mrudishe kwenye swali lako.

Umeniuliza pia kama saa ya betri ni ya kuonea aibu kwenye zawadi ya harusi. Hapana. Seiko walipouza Astron, saa ya mkononi ya kwanza ya kwatsi, yaani ya betri inayotetemesha kipande cha jiwe la kwatsi, tarehe 25 Desemba 1969, waliipindua biashara nzima ya saa duniani. Kipande cha kwatsi ndani ya saa nyingi za betri za siku hizi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saa ya kawaida ya betri hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi. Linganisha na saa ya mashine iliyopata cheti cha kronometa, yaani cha usahihi, kutoka COSC, taasisi ya kupima saa huko Uswisi: hupimwa siku 15, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto, na bado inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Kwa usahihi, betri imeshinda zamani. Unacholipia kwenye mashine ni kitu kingine: fundi hodari anaweza kuifungua baada ya miaka hamsini, akachonga hata kipande kisichouzwa tena, ikatembea. Sakiti ya betri ikifa na kiwanda kikawa kimeacha kuitengeneza, mara nyingi ndio mwisho.

Kwa kuwa unataka ikae maisha, mimi ningechagua mashine, na katika mashine, ile inayojijaza yenyewe. Ndani yake mna kipande kizito kinachozunguka kila mvaaji anapousogeza mkono, nacho huikaza springi kuu inayoiendesha saa. Akiivua, itatembea kama siku mbili, nyingine hata tatu, kisha itasimama, na hakuna kilichoharibika. Ataijaza mizunguko kadhaa, atairekebisha, ataivaa. Mwambie tu jambo moja ambalo wengi hujifunza kwa hasara: kama ina tarehe, asiibadilishe kwa mkono mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Muda huo, kwenye saa nyingi, meno ya gurudumu la tarehe yameshashikana, na kulazimisha huyavunja.

Dhahabu iache. Nasema hivi nikiwa nimeipenda yangu. Dhahabu ya karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu katika kila 1,000, na ni laini. Mtu anayebeba nyaya na masanduku ya mitambo ataikwaruza wiki ya kwanza, na kila mkwaruzo utamuuma kwa ajili yako. Chukua chuma cha pua, au titani kama ngozi yake huwashwa na metali za kawaida. Kioo kiwe cha yakuti ya kutengenezwa, ambayo kwa ugumu inazidiwa na almasi na vitu vichache tu, ingawa ukikibamiza kwenye kona ya chuma bado kitapasuka. Kuhusu maji usidanganyike na maandishi. Mita 30 haina maana kwamba atazama mita 30. Hiyo ni ya kunawa mikono na manyunyu. Kama anaogelea, tafuta mita 100, na mipira inayozuia maji ikaguliwe kila saa inapokwenda kwa fundi, maana nayo huchakaa.

Umbo nalo lisikupite. Watu hutaja kipenyo tu, milimita 36, 40, 42. Lakini kinachoamua kama saa itamkaa ni urefu kutoka ncha za juu zinazoshika mkanda hadi za chini. Ncha hizo zikitokeza nje ya mkono, saa itaonekana ya kuazima, hata iwe ya thamani gani.

Sasa hilo la rafiki zako. Wanakwambia chukua jina kubwa kwa sababu "thamani yake haishuki." Kwa saa chache, na kwa vipindi fulani, imekuwa kweli. Saa nyingi za kifahari hushuka bei mara zinapotoka dukani, kama gari. Na hizo chache zisizoshuka, wauzaji rasmi wengi hukupanga foleni ya miezi au miaka, nawe harusi yako ina tarehe. Lakini shida yangu kubwa ni hii: ukishamwambia kwamba mkononi amevaa akiba, umemfundisha kuihesabu. Ataogopa kuivaa, kama mimi.

Nikupe kisa kimoja cha kweli. Joanne Woodward, mwigizaji wa Marekani, alimnunulia mumewe Paul Newman saa ya Rolex Daytona. Newman alikuwa anashiriki mashindano ya magari, na mkewe alikuwa na hofu. Akaagiza mgongo wa saa uchorwe maneno matatu ya Kiingereza, yenye maana ya "endesha kwa uangalifu, mimi". Hilo "mimi" ndilo linalonigusa: hakuandika jina, kwa kuwa mwenye kuisoma alikuwa mmoja tu. Newman aliivaa miaka mingi, hata akiendesha, na mwaka 1984 akampa kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Mwaka 2017 iliuzwa kwenye mnada huko New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Ilipotoka kiwandani ilikuwa saa isiyogombewa. Woodward alikuwa akimnunulia dereva saa ya kupimia mwendo.

Basi, ndiyo, chora maneno. Watakaokwambia kwamba maandishi yanapunguza bei ya kuuzia, wajibu kwamba huuzi. Ila angalia mambo kadhaa. Saa nyingi za leo zina mgongo wa kioo ili mashine ionekane, na hapo nafasi ya kuandika ni ukingo mwembamba tu. Ukipenda mgongo mpana, Jaeger-LeCoultre wana Reverso, iliyobuniwa mwaka 1931 kwa wachezaji wa polo waliokuwa wakivunja vioo vya saa zao: uso hugeuzwa ukatazama ndani, na nyuma kunabaki bamba tupu la metali, kama limengojea maneno. Ni nzuri sana, lakini ina ukubwa wa saa ya kiungwana, na sijui kama itapatana na masanduku ya spika. Na usichore kabla hajaijaribu mkononi, kwa sababu saa iliyochorwa hairudishwi. Mpe siku ya harusi, avae mwezi mzima, kisha mwende pamoja kuichora. Maneno yawe machache, na yawe ambayo mngeambiana hata kama hakuna mtu mwingine chumbani.

Ukiamua kununua iliyokwisha kutumika, sikukatazi. Kuna za zamani nzuri kuliko mpya. Lakini taka cheti cha dhamana, linganisha namba ya utambulisho ya saa iliyoandikwa humo na ile iliyochongwa kwenye saa, na mlipe fundi asiyehusiana na muuzaji aifungue aitazame ndani. Kuna saa zina jina halisi usoni na mashine ya kuungaunga tumboni. Uliza pia kama imewahi kung'arishwa. Yangu niliwahi kuipeleka duka moja nikitaka isafishwe tu; ikarudi inang'aa, kingo zote zimelika, na alama ndogo aliyoiacha baba yako wakati akinifunga mkanda siku ile imefutika. Hiyo hairudi.

Na usitumie akiba yote. Saa ya mashine huhitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya kila baada ya miaka kama mitano, mingine zaidi kidogo, na kazi hiyo ni ghali kwa saa za daraja hili. Uliza gharama yake leo, kabla hujanunua, uitenge kando. Ukiona kiasi hicho kinakutia hofu, shuka daraja moja. Tudor na Longines wanatengeneza saa ambazo hakuna mjuzi wa saa atakayezidharau, na mwenzako ataweza kuzihudumia bila kukuomba ruhusa.

Yangu bado ninayo, unaijua. Tangu irudi kwa fundi naijaza kila asubuhi kabla ya chai, mizunguko ishirini, na kuivaa hata siku ya kufua. Mkanda huu ni wa nne. Baba yako siku hizi hanitazami mkono tena tukitoka.

Sasa kabla hujaenda dukani nifanyie hili. Mwenzako anayo ile saa yake ya zamani ya mpira. Akiivua, tazama ni tundu lipi la mkanda lililochakaa, kisha upime kwa rula kutoka tundu hilo hadi kwenye pini inayoushikiza mkanda kwenye saa, ujumlishe na urefu wa saa yenyewe na upande wa pili wa mkanda. Upana wa mkono wake nao upime, juu, pale saa inapokaa. Niandikie namba hizo mbili, nitakaa nazo jioni moja, halafu tuzungumze majina.

Mama yako