Tabora Boys si shule ya kawaida tu

Ndugu umeuliza kama Tabora Boys ni shule ya kidato cha tano na sita kama zingine tu. Hapana, ile ina historia ndefu. Ilifunguliwa 1925, enzi za Mwingereza, na lengo la mwanzo lilikuwa kuwasomesha watoto wa machifu ili waje kusaidia utawala. Mkoloni alitaka watumishi, akajikuta amewasomesha waliokuja kumng'oa!

Nyerere aliingia pale 1937 akitokea shule ya Mwisenge, Musoma. Akawa kiranja, na hapohapo akapigania upendeleo wa viranja upunguzwe, ilhali yeye mwenyewe ndiye angenufaika nao. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko cheti chochote. 1943 akaenda Makerere. Aliporudi Tabora alifundisha Mtakatifu Maria, shule ya wamisionari, siyo pale alikosoma.

Rashidi Kawawa, aliyewahi kuwa waziri mkuu, naye ni zao la Tabora Boys, na Chifu Abdallah Fundikira pia, aliyekuwa waziri wa sheria baada ya uhuru. Matokeo ya mtihani ni muhimu, sawa, lakini usiipime kwa hayo peke yake. Dogo akipangiwa Tabora, mwache aende.