Barua za baharia, mbona zina matundu?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko Columbus, Ohio, natunza wazee majumbani. Bibi ninayemhudumia macho yamechoka, kaniomba nimsomee barua alizotumiwa na mchumba wake aliyekuwa navy vita kuu ya pili (ndo alikuja kuwa mumewe, sasa marehemu). Nyingine zina matundu kama mtu kapitisha wembe, nyingine ni vikaratasi vidogo kama picha, halafu anwani ni San Francisco wakati bibi anasema alikuwa Pasifiki huko. Hata siku moja hasemi yuko wapi! Alikuwa anamficha nini?

JIBU: Dada, pole na kazi. Hakuwa anamficha, alikatazwa. Barua za mabaharia zilisomwa kwanza na maofisa wa meli hiyohiyo, ukitaja bandari au mnakoelekea kipande kinakatwa. Sasa hebu fikiria kijana ana mambo ya moyoni ya kumwambia mpenzi wake na anajua bosi wake ndo atayasoma wa kwanza, si ataishia kuongelea chakula na sinema na kusalimia mama? Mimi hilo linaniuma kuliko hata hayo matundu.

San Francisco ilikuwa posta yao tu wale wa Pasifiki, wa Atlantiki walitumia New York. Barua zinakusanyika pale ndo zinaanza kuifuata meli, kwa hiyo mtu anakaa wiki na wiki bila kitu halafu zinamfikia rundo kwa mpigo, tena zimechanganyika, wengi wakawa wanazipa namba. Angalia pale juu utaona.

Hivyo vidogo vinaitwa V-mail, vilianza Juni 1942. Unaandika kwenye fomu, inapigwa picha kwenye filamu, inasafiri filamu, ikifika wanaichapisha tena ikiwa ndogo. Barua 150,000 zilizokuwa zinajaza magunia 37 zikaenea gunia moja! Ila wasichana wakibusu karatasi na lipstiki mashine zinakwama.

Sasa cha muhimu. Kwenye anwani ya mtumaji tafuta jina la meli, kisha tarehe ya barua. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani imeweka mtandaoni shajara za vita za meli nyingi, humo unakuta meli ilikuwa wapi na ilikumbana na nini siku ileile, kwa hiyo alichokata ofisa unaweza kukipata leo kwa simu yako tu. Barua zenyewe usizilaminishe wala kubandika selotepu, zipige picha zikiwa zimenyooshwa.

Ila kabla hujaanza kutafuta muulize bibi kama anataka kujua, maana unaweza kukuta siku aliyoandika "mimi mzima, usiwe na wasiwasi" ndo siku meli yao ilishambuliwa.