Gitaa la umeme kwa randa na patasi: anza na shingo

Vijana wanaonijia karakanani hapa Lamu wakitaka kuunda gitaa la umeme huja na mchoro wa mwili: pembe mbili, rangi nyekundu, nakshi pembeni. Nawaomba wauweke mchoro huo kando. Mwili wa gitaa la umeme ni ubao wa unene wa milimita 45 hivi. Hauna tumbo la kukuza sauti kama gambusi. Kazi hiyo hufanywa na pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, inayohisi mtikisiko wa nyuzi za chuma na kuupeleka kwenye amplifaya. Mwili ukienda upande kidogo, gitaa bado litapigika. Shingo ikikosewa, hakuna pikapu itakayoliokoa.

Mpiga gambusi hana freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Kidole chake kikiteleza, sikio humwambia naye hukirudisha papo hapo. Mpiga gitaa amefungwa na freti alizokatiwa na fundi. Ukimkatia vibaya, atapiga vibaya hata akiwa na sikio zuri kuliko wote mjini. Hiyo ni amana, na ndiyo maana nasisitiza muda wako mwingi uende kwenye shingo.

Mbao kwanza. Kwa mafundi wa milango na wa majahazi hukosi vipande vya mvule au mbambakofi vilivyokaa ghalani miaka. Chagua kipande kisicho na jicho, ambacho mishipa yake inakwenda moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Urefu wa milimita 700, upana 75 na unene 20 vinatosha, maana juu yake utabandika ubao wa vidole wa milimita 6. Kwa ubao huo mimi hupenda mpingo: ni mgumu, hauliki upesi na vidole, na kipande chake chembamba kinapatikana kwa wachongaji. Vumbi la mvule na la mpingo huwasha kifua na ngozi, kwa hiyo vaa barakoa.

Usiamini macho kuhusu ukavu. Pima kipande kwenye mizani ya dukani kila wiki, uandike. Uzito ukiacha kushuka, mbao imetulia na hewa ya hapa. Hewa yetu ni ya bahari, ina unyevu. Gitaa lililotulia Lamu likipelekwa Nairobi, mbao hunywea kidogo na ncha za freti hutokeza pembeni zikakwaruza mkono. Kama mteja wako anaishi bara, mwambie mapema kwamba ncha hizo zitataka tupa.

Sasa freti. Amua urefu wa uzi unaotikisika, kuanzia kizingiti cha mfupa kilicho chini ya kichwa hadi kwenye daraja, yaani chuma cha mwilini kinachobeba nyuzi. Magitaa mengi ya Fender, kampuni ya Marekani, hutumia inchi 25.5, yaani milimita 648, nami nashauri uanze na huo. Gawanya 648 kwa 17.817: unapata 36.37, na hapo ndipo freti ya kwanza. Chukua urefu uliobaki, ugawanye tena kwa 17.817, na uendelee hivyo. Freti ya pili itakuwa milimita 70.70 kutoka kwenye kizingiti, ya tano 162.55, na ya 12 itaangukia nusu kamili, 324. Kama ya 12 haikuangukia hapo, rudi kwenye hesabu kabla hujagusa msumeno.

Na upime kila freti kutoka kwenye kizingiti, usipime kutoka freti hadi freti. Robo ya milimita haionekani kwenye freti moja, lakini ukiibeba kutoka freti hadi freti mpaka ya 20, makosa yanakuwa yamerundikana. Tumia rula ya chuma, na alama uitie kwa ncha ya kisu, kwa sababu mstari wa penseli una unene wake.

Mfereji wa freti unataka upana wa milimita 0.6 hivi, na msumeno wa kawaida wa seremala hula zaidi ya hapo. Agiza msumeno mwembamba pamoja na freti zenyewe, au chukua msumeno wa kukatia chuma usugue meno yake pande zote mbili kwenye jiwe la kunolea. Jaribu kwenye kipande cha kutupa. Freti inatakiwa iingie kwa nyundo nyepesi na ikatae kutoka kwa vidole.

Nyuzi sita za kawaida zikikazwa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 45 zikiwa pamoja, kwa hiyo ndani ya shingo weka fimbo ya chuma ya kurekebisha mpindo. Chimba mfereji wake kwa patasi ya milimita 6 kabla hujaunda mgongo wa shingo, wakati mbao ingali mraba na inakaa imara kwenye jiliwa. Mgongo utautengeneza kwa tupa na msasa, ukiushika mara kwa mara mkononi huku umefumba macho. Kiganja huona kinundu kabla ya jicho.

Mwili sasa. Mwembe kavu unafaa na hukatika kirahisi, ila ukague usiwe na matundu ya wadudu. Mbao za jahazi kuukuu ni nzuri kwa sura, lakini misumari iliyojificha ndani huvunja makali ya randa. Chora mstari wa katikati, na shingo, pikapu na daraja vyote viufuate huo. Usipake mafuta ya nazi, hayakauki. Mafuta ya kitani au vanishi hukauka.

Kulehemu waya muombe fundi wa redio akuonyeshe. Jambo moja nalisema kwa uzito: waya wa ardhi wa gitaa hugusa daraja, na daraja hugusa nyuzi, yaani mwili wako. Amplifaya ichomekwe kwenye soketi yenye waya wa ardhi unaofanya kazi. Usimruhusu mtu apige kwa amplifaya iliyokatwa mguu wa tatu wa plagi.

Nyuzi zikishakaa, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, sikiliza, kisha ukandamize hapohapo. Sauti ya pili ikiwa juu kuliko ya kwanza, rudisha nyuma tandiko la uzi huo, yaani kile kipande kidogo cha daraja unachokalia, mbali na shingo mpaka zilingane. Halafu bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, utazame pengo juu ya freti ya saba: milimita 0.2 hadi 0.3 inatosha. Kusi likiingia na mvua zake, lipime tena pengo hilo, na ukigeuza fimbo ya shingo, igeuze robo mzunguko tu, kisha uliache gitaa mpaka kesho yake ndipo upime upya.