Je, Isaka alipanda pesa? Jibu kwa mama mjane wa Busia

SWALI

Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mjane, nauza mahindi na maharage sokoni Busia, upande wa Uganda. Nimekuwa nikisoma Biblia kuanzia Mwanzo, usiku nikishafunga kazi, na sasa nimefika Mambo ya Walawi. Kuna mambo yananisumbua. Kwenye mkutano wa injili mhubiri mgeni alisoma Mwanzo 26:12, kwamba Isaka alipanda wakati wa njaa akavuna mara mia, akatuambia kila mtu apande mbegu ya pesa mpaka aumie. Nimeweka karo ya watoto wawili, na tangu siku ile sina amani nayo. Jambo la pili, shemeji zangu wamelima mpaka ndani ya shamba aliloniachia marehemu. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia nifanye kama Isaka, aliyewaachia Wafilisti visima akaenda kuchimba vingine. La tatu, wenzangu wengi sokoni wanapimia gorogoro iliyobonyezwa kitako. Mimi nikipima kwa mkebe mzima napata faida kidogo mno. Katika vitabu hivi vya mwanzo nifuate nini? Na je, ni dhambi kumwuliza mhubiri?

JIBU

Amina, mama. Kwanza nikutie moyo kwa kusoma mwenyewe. Wakristo wa kwanza wa Buganda, wale waliofundishwa na mmisionari Alexander Mackay aliyefika mwaka 1878, walianza na Maandiko ya Kiswahili, kwa kuwa Biblia nzima ya Kiganda haikupatikana hadi 1896. Walijifunza herufi wakiwa watu wazima, na walipokatazwa hawakuacha. Unachokifanya usiku baada ya soko kina mizizi mirefu katika nchi hii.

Nitakaa sana kwenye sura ya 26, maana umeletewa mara mbili na watu wawili, na kila mmoja amekata kipande chake. Naomba uifungue tena, uisome yote kwa mkao mmoja.

Sura inaanza na njaa. Isaka anafika Gerari, kwa mfalme Abimeleki, na inaonekana anafikiria kushuka Misri kama baba yake alivyofanya. Mungu anamkataza: kaa katika nchi hii, nami nitakuwa pamoja nawe. Hiyo ndiyo ahadi, na inatangulia kila kitu kingine katika sura. Isaka anakaa, na jambo la kwanza tunaloambiwa juu ya maisha yake pale ni kwamba anadanganya. Anaogopa watamwua kwa ajili ya Rebeka, anasema ni dada yake. Abimeleki anachungulia dirishani, anawaona jinsi walivyo, anagundua kwamba ni mume na mke, anamwita na kumkemea. Fikiria hilo, mama: mfalme asiyekuwa wa agano anamfundisha maadili mwana wa Ibrahimu.

Baada ya aibu hiyo ndipo unakuja mstari wa 12. Isaka akapanda katika nchi ile, akavuna mara mia mwaka uleule, kwa kuwa Bwana alimbariki. Alipanda nafaka, na aliipanda ardhini. Katika sura nzima hakuna kuhani, hakuna sadaka, hakuna mtu aliyepokea pesa kutoka mkononi mwake. Na yule aliyevuna hakuwa mtu aliyeumia kwa kutoa. Alikuwa mtu aliyekemewa juzi kwa uongo. Mavuno yale hayakuwa malipo. Mungu alikuwa amesema atakuwa pamoja naye, na akawa pamoja naye, ingawa Isaka hakustahili. Ukiyageuza kuwa biashara ya kutoa ili upate, umeiondoa neema na kuweka bei mahali pake.

Tena mahubiri hukoma kwenye ule wingi wa mali, lakini sura inaendelea. Wingi ule uliwatia Wafilisti wivu. Wakafukia visima vilivyochimbwa siku za Ibrahimu, wakavijaza udongo, na Abimeleki akamwambia Isaka aondoke. Mtu aliyevuna mara mia akafukuzwa. Mwandishi wa Mwanzo hakuficha hilo, na sisi tunaofundisha hatuna ruhusa ya kulificha.

Sasa karo. Usinielewe vibaya: kutoa ni ibada, na Torati inafundisha kutoa kwa upana sana. Lakini tazama jinsi inavyofundisha. Hema ya kukutania ilipojengwa, Mungu aliagiza sadaka ipokewe kwa kila mtu ambaye moyo wake unampa kupenda, Kutoka 25. Watu wakaleta, wakaleta tena, hata mafundi wakamwendea Musa kumwambia vitu vimezidi mahitaji ya kazi. Musa akatangaza kambini watu waache kuleta. Iko Kutoka 36, mstari wa 5 hadi wa 7. Natamani sura hiyo isomwe katika kila mkutano wa kuchangisha. Kumbukumbu la Torati 16:17 inatoa kipimo: kila mtu atoe kadiri awezavyo, kwa mbaraka aliopewa. Haisemi mpaka aumie.

Liko na jambo ambalo nadhani hujawahi kuambiwa madhabahuni. Kumbukumbu la Torati 14 inasema kila mwaka wa tatu zaka ya mazao iwekwe ndani ya mji, ili wale na kushiba Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mjane, mama. Katika vitabu hivi Mungu amekuweka mezani pamoja na wale wanaotunzwa na zaka. Na Kutoka 22 inamwonya kwa ukali kila amtesaye mjane au yatima, kwamba akilia, Mungu atasikia kilio chake. Basi lipa karo. Kuwasomesha yatima wa marehemu ni utii, si upungufu wa imani. Kikibaki kitu na moyo wako ukapenda, toa kwa furaha, hata kama ni kikombe cha maharage kwa jirani mgonjwa.

Shamba ni gumu zaidi, na mzee aliyekushauri nadhani alitaka amani. Amani ni njema. Lakini tumsome Isaka vizuri. Alipoacha kisima cha Eseki na kile cha Sitna, alikuwa mgeni katika bonde la watu wengine, mtu mwenye makundi ya mifugo na watumishi wengi wa kuchimba mahali pengine. Aliweza kuachia bila watoto wake kulala njaa. Wewe shamba hilo ndilo ulilo nalo, tena si lako peke yako, ni la watoto. Mwenye nguvu anapoamua kutogombana, huo ni upole. Mwenye nguvu anapomwambia mnyonge asigombane, hapo hatuwezi kutumia jina la Isaka.

Tena Isaka hakunyamaza. Soma mstari wa 27. Abimeleki anakuja Beer-sheba na rafiki yake Ahuzathi na mkuu wa jeshi Fikoli, wanataka mapatano. Isaka anawauliza usoni kwanza: mbona mnanijia, nanyi mlinichukia mkanifukuza? Alitaja kosa ndipo akawaandalia karamu, wakala, na asubuhi wakaapa. Hakukuwa na kisasi, na hakukuwa na kujifanya kwamba hakuna kilichotokea.

Kisha nenda Hesabu 27. Hapo utawakuta mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, na kwa desturi jina lake na urithi wake vilikuwa vinapotea. Wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote mlangoni pa hema, wakasema: tupeni milki kati ya ndugu za baba yetu. Musa hakuwakemea kwa kukosa adabu. Alipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akajibu kwamba mabinti hao wamesema lililo sawa, wapewe. Halafu kesi yao ikawa sheria kwa Israeli yote. Wao walikuwa mabinti na wewe ni mjane, lakini shamba la marehemu asiye na wa kumsemea ni jambo lilelile, na Mungu amekwisha kuonyesha anavyolisikiliza.

Katika Biblia hiyohiyo yuko mtu aliyeachia visima na wako wanawake waliodai ardhi, wote bila kulaumiwa. Kwa hiyo hadithi moja haiwezi kugeuzwa amri ya kila mtu kila mahali. Inabidi uulize Mungu alikuwa analinda nini pale. Kwa Isaka alilinda ahadi, kwa mabinti alilinda haki ya wasio na msemaji, na mambo hayo mawili hayapingani.

Hivyo anza kama Isaka, kwa maneno ya uso kwa uso, mbele ya wazee wa ukoo na mtu mmoja au wawili kutoka kanisani. Wakikataa, nenda kwa mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji, na hata mahakamani ikibidi. Katiba ya Uganda ya 1995 inaagiza haki ya mjane kurithi mali ya mwenzake ilindwe kwa sheria, na kuitumia si kuwachukia shemeji zako. Tunza karatasi za shamba mahali salama. Usiweke kidole wala sahihi kwenye hati yoyote ambayo hujasomewa yote na mtu unayemwamini.

Kuhusu gorogoro nitasema machache, kwa kuwa hapa Torati haihitaji kufafanuliwa sana. Mambo ya Walawi 19:35-36: msifanye yasiyo haki katika vipimo, iwe urefu, uzani au ujazo, mizani ya haki na vipimo vya haki. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza mtu kuwa na vipimo viwili nyumbani mwake, kikubwa na kidogo. Inanisikitisha kwamba mmehubiriwa kwa bidii juu ya mstari usiowahusu wauza nafaka wa Busia, na amri inayowahusu moja kwa moja ikapitwa. Najua faida yako ni ndogo. Wateja wengine, hasa wanaovuka kutoka Kenya kununua kwa jumla, hujua ni nani hapunguzi, lakini sikuahidi kwamba mkebe mzima utakutajirisha. Pima kwa haki hata kama haukutajirishi, kwa sababu anayenunua gorogoro moja ya mahindi mara nyingi ndiye maskini kuliko wote sokoni, na Mungu aliweka amri hiyo upande wake. Kama mnaweza, wanawake wawili watatu mnaosali pamoja, kubalianeni mkebe mmoja na bei moja. Kupima kwa haki peke yako katika mstari mzima wa wauzaji kunachosha.

Kwa kuwa umefika Walawi, usivunjwe moyo na sura ya 13 na 14, zile za ukoma na ukungu wa nyumba. Zipite polepole bila kujilazimisha kupata somo katika kila mstari. Kuhusu vyakula, soma baadaye Marko 7 na Matendo 15 uone Wakristo tulivyofundishwa. Lakini ukifika sura ya 19, kaa hapo siku kadhaa. Pembe za shamba zisizovunwa ili maskini na mgeni waokote, ujira wa kibarua usiolala kwako hadi asubuhi, kumpenda jirani kama nafsi yako, kumpenda mgeni kama mwenyeji: yote yako humo, karibu na mizani yako.

Na kumwuliza mhubiri? Si dhambi. Ibrahimu alimwuliza Mungu mwenyewe habari za Sodoma, na hakupigwa. Bwana wetu alipojaribiwa nyikani alijibu mara tatu, na majibu yote matatu aliyatoa Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Ukumbuke kwamba mjaribu naye alinukuu Maandiko, Zaburi ya 91, na maneno yalikuwa sahihi. Yesu hakuibeza Zaburi; aliweka andiko lingine kando yake. Simfananishi mhubiri wako na mjaribu, huenda alifundishwa hivyo naye akaamini kwa moyo mweupe. Nasema tu kwamba njia ya Bwana iko wazi kwako pia. Mhubiri huyo akirudi, mwendee baada ya ibada pamoja na mama mwenzako, Biblia ikiwa mkononi, umsalimie kwa heshima. Mwombe akusomee Mwanzo 26 kuanzia mstari wa kwanza hadi wa 33, kisha akuonyeshe ni mstari gani Isaka alipompa mtu pesa. Msikilizeni mpaka amalize. Kama atawakemea kwa kuuliza, msibishane naye. Nendeni kwa mchungaji wenu mkamweleze mlichosoma.