Aliyeachwa asome nini?

Wiki hii maswali matano, yote ya wanaume wa hapa Lubumbashi, na yote yananuka kidonda kimoja.

Yaya, kaka mkubwa, mke wangu alirudi kwao miezi minne iliyopita. Marafiki wananitumia video za kusema wanawake wote wanapenda makuta, pesa tu. Nipe kitabu cha kunifungua macho. (Kamalondo)

Mdogo, hizo video hata mimi nilizitazama, mwaka ule mke wangu alipoondoka na mbabula, jiko letu la makaa, akaniachia sufuria. Zinakutuliza mpaka usiku, asubuhi unaamka na hasira ileile. Tafuta kitabu kisichokuwa upande wako. Anza na *Une si longue lettre* cha Mariama Bâ wa Senegali, cha 1979. Kwa Kiswahili ni *Barua Ndefu Kama Hii*. Ramatoulaye yumo edani, anamwandikia rafiki yake Aïssatou. Mumewe Modou, baada ya miaka 25 ya ndoa na watoto 12, alimwoa Binetou, rafiki wa binti yao. Wala hakuja kumwambia mkewe mwenyewe: alituma ndugu yake, imamu na rafiki. Hapo nilifunga kitabu. Mimi nilimtuma shangazi kwa wakwe, akaseme maneno yaliyokuwa yangu.

Kifaransa kinanichosha. Kwa Kiswahili je? (Katuba)

*Utengano* cha Said Ahmed Mohamed, cha 1980. Bwana Maksuudi anaheshimiwa mjini, nyumbani amewafungia ndani mkewe na binti yake Maimuna. Utamchukia haraka; endelea mpaka usikie sauti yako ndani ya yake. Ni Kiswahili cha Zanzibar, maneno mengine yatakupita, yaache yapite. *Rosa Mistika* cha Kezilahabi (1971) ni kikali zaidi: baba mlevi, kipigo, binti anayekua akiwaogopa wanaume. Rosa anajiua. Kama nawe usiku unawaza hayo, kiache kwanza, nenda ukalale kwa kaka yako na umwambie.

Kuna kitabu cha kumrudisha? (komini ya Kenya)

Hakuna. Anayekuuzia hicho anataka makuta yako.

Baba alitufundisha mwanaume halii. Naona haya hata kushika kitabu cha mapenzi mbele ya muuzaji. (Kampemba)

Kivalishe gazeti. bell hooks, Mmarekani aliyetaka jina lake liandikwe kwa herufi ndogo, aliandika *The Will to Change* mwaka 2004 kuhusu wanaume. Kwa Kifaransa ni *La volonté de changer*. Anasema mvulana hufundishwa kuzima kila hisia, anaachiwa hasira peke yake. Si kila ukurasa nilikubaliana nao. Lakini hapo kwenye hasira nilipiga mstari mara mbili, umeme ukakatika, nikaendelea kwa tochi ya simu.

Cha Mariama Bâ nilikisoma shuleni, juzi nimekirudia. Nimtumie na yeye? (Ruashi)

Usimtumie, mdogo. Huenda naye alikisoma shuleni. Atafungua moja kwa moja pale ulipopiga mstari, aone kama umejipigia wewe au umempigia yeye.