Maswali ya wasomaji: Diski mpya, usukani bado unatetemeka

SWALI: Mafundi wa ukurasa huu, habari za kazi. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2005, kalipa za Brembo. Miezi miwili iliyopita nilibadilishiwa diski na pedi za mbele. Mwanzoni breki zilikuwa nzuri kabisa, lakini sasa nikikanyaga nikiteremka Isamilo usukani unatetemeka mikononi. Naambiwa diski zimepinda, ninunue nyingine. Safari hii nataka nifanye mwenyewe nyumbani. Nianzie wapi?
Msomaji, Pasiansi

JIBU: Ndugu yetu, usinunue kitu kwanza. Ni nadra sana diski nzuri kupinda kwa matumizi ya kawaida ya mjini. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba diski mpya ilifungwa juu ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye kutu, ikakaa upande kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Kila inapozunguka inayumba na kugusa pedi mahali palepale, hata mguu wako ukiwa haupo kwenye breki. Pale panapoguswa panalika, na baada ya muda unene wa diski haulingani tena. Tofauti ya milimita 0.02 inatosha kuutikisa usukani. Ndiyo sababu mtetemo haukuanza siku ya kwanza, na ndiyo sababu diski nyingine mpya juu ya habu ileile chafu itakurudisha hapohapo.

Kabla ya kuinua gari, legeza nati za tairi nusu mzunguko. Kama uwanja wako ni wa udongo, weka ubao mgumu na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, la sivyo miguu itazama upande mmoja. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa; mawe Mwanza hayajawahi kuadimika. Lakini gari lenyewe lisikae juu ya jiwe wala tofali hata kwa dakika moja: tofali hupasuka bila kutoa dalili na jiwe huteleza. Stendi mbili za chuma ndizo za kulishikilia, na jeki peke yake haitoshi.

Kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ya Brembo ya mbele ina pistoni nne, mbili kila upande, na pedi hutoka bila kuifungua. Kuna pini mbili zinazoshika pedi na springi ya bati kati yake. Gonga pini kwa panchi nyembamba kutoka nje kuelekea ndani ya gari. Ukigonga kinyume, shingo ya pini inayobana hukaza zaidi na pini huharibika. Shikilia springi kwa kidole, maana huruka.

Pedi zikiwa bado ndani, zisukume pistoni zirudi polepole, ukipenyeza bisibisi bapa pana kati ya diski na pedi kuukuu. Hapa wengi hukosea. Ukirudisha pistoni moja ovyo, nyingine hutokeza, na ikitokeza sana inatoka kabisa kwenye sili, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje. Fanya upande mmoja huku pedi ya upande wa pili ikiwa mahali pake. Kabla ya hapo fungua chupa ya mafuta ya breki chini ya boneti, unyonye kiasi kwa bomba la sindano, kwa sababu mafuta yanayorudi yataifurisha. Yakimwagikia rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo. Usipofanya hivyo rangi itabanduka.

Sasa fungua bolti mbili za kalipa na uitundike kwenye springi ya shoksi kwa waya imara. Isining'inie kwa mpira wa breki. Mpira unaweza kuchanika kwa ndani, ukawa unapitisha mafuta ukikanyaga lakini hauyarudishi ukiachia.

Diski ikigoma, acha nyundo kubwa. Kwenye uso wake kuna matundu mawili yenye uzi. Ingiza bolti mbili za M8 zenye uzi wa 1.25 na uzikaze kwa zamu, nusu mzunguko hii na nusu mzunguko ile, mpaka diski ijisukume yenyewe. Za nyuma zina jambo la ziada: breki ya mkono imo ndani ya diski hiyohiyo, na ni ya viatu, yaani vipande vinavyotanuka na kubana kwa ndani. Achia breki ya mkono, na kama diski bado inashikwa, legeza viatu kupitia tundu dogo lenye kizibo cha mpira.

Kisha ifike kazi yenyewe, ile inayorukwa kwenye magereji kwa sababu haionekani gari likishakamilika. Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya, halafu msasa, mpaka chuma king'ae pande zote, hasa kwenye kingo na kuzunguka kila studi, ambako kutu hujikusanya kama pete. Pitisha kidole, ukihisi mkwaruzo wowote, endelea. Uso wa ndani wa kofia ya diski, ile sehemu ya kati inayokaa juu ya habu, usafishwe vilevile. Usipake grisi nzito hapo.

Ibane diski kwa nati zake na wasa, uipime kuyumba kwake kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale na ncha inayogusa diski), ncha ikiwa milimita 10 hivi kutoka ukingoni. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa kuyumba kati ya milimita 0.05 na 0.10. Ikizidi, ivue, izungushe studi moja, pima tena. Kwenye studi tano una nafasi tano, na mara nyingi mojawapo hukubali. Pima pia unene kwa maikromita sehemu nane. Diski ya mbele ya STI hii ni ya milimita 326 na unene wa 30 ikiwa mpya. Ukomo wake ni 28, na diski nyingi zimechapwa ukomo huo kwenye chuma. Kama bado ina unene wa kutosha, mkerezaji mzuri anaweza kuisawazisha na ukaokoa fedha yako.

Wakati wa kufunga tumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm. Bolti za kalipa ya mbele ya Brembo hukazwa Nm 155, za nyuma Nm 65. Linganisha na kitabu cha gari lako. Tunazitaja zote mbili kwa sababu anayekaza za nyuma kwa nguvu ya mbele hung'oa uzi wa alumini, na hapo hasara ni kalipa nzima. Nati za tairi zikazwe kwa msalaba, si kwa kufuatana. Hata bunduki ya upepo ya fundi pancha, ikikaza nati moja kupita wenzake, inaweza kuivuta diski upande na kuifuta kazi yako yote.

Kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedali polepole mara nyingi mpaka iwe ngumu, kisha jaza mafuta hadi alama ya juu. Pistoni ziko mbali na diski, na mkanyago wa kwanza utakwenda hadi sakafuni. Usiufanyie majaribio getini.

SWALI: Nimeuziwa pedi za mashindano kwa Impreza yangu. Asubuhi hazishiki kabisa na zinalia. Zimenighuri?
Dada msomaji, Nyakato

JIBU: Dada, huenda pedi ni halali ila si za safari zako. Pedi za mashindano hutaka joto kubwa ndipo zishike. Kutoka Nyakato hadi mjini kwenye foleni hazipati joto hilo, kwa hiyo hukwaruza diski na kupiga kelele bure. Tazama ukingoni mwa bati la pedi: nyingi zina herufi mbili mwishoni mwa namba. Ya kwanza inaonyesha mshiko zikiwa na joto dogo, ya pili zikiwa zimepata moto sana. Kwa kipimo cha msuguano, E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari la nguvu linalotumika mjini, FF nzuri inatosha, na GG hushika zaidi kama bei inakuruhusu. Pedi isiyo na maandishi yoyote tunaiogopa, hata boksi lake likiwa zuri namna gani. Badilisha pedi zinapobaki milimita 3, kwa jozi, kushoto na kulia pamoja.

Ukiweka mpya, zizoeshe. Kwanza osha mafuta ya kiwandani kwenye diski kwa sprei ya breki, au maji ya moto na sabuni kisha ukaushe. Usitumie dizeli, huacha utando. Toka alfajiri, upite Usagara ushike barabara ya Shinyanga mahali palipo wazi na hakuna gari nyuma yako. Kutoka kilomita 80 kwa saa punguza kwa nguvu ya wastani hadi 20, bila kusimama, urudie mara nane hadi kumi. Halafu endesha dakika 15 ukigusa breki kidogo iwezekanavyo. Ukisimama na mguu juu ya breki diski zikiwa za moto, pedi huacha alama yake hapo, na mtetemo huanzia kwenye alama hiyo.

SWALI: Nikiteremka Bugando mara kwa mara pedali inakuwa laini kama sponji, ikipoa inarudi. Pedi na diski ni mpya.
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Mafuta yako ya breki yana maji. Huvuta unyevu wa hewani taratibu, na maji yakichemka hutoa mvuke, nao mvuke hubanwa. Daraja la mafuta huandikwa kwenye chupa kwa herufi DOT: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji ukomo wake ni 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Weka DOT 4 au 5.1 ya chupa iliyofungwa, ubadilishe kila miaka miwili. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. Chupa iliyofunguliwa na kukaa rafuni kwa miezi, iache hata ukipewa bure.

SWALI: Naishi Capri Point. Kila baada ya mvua diski zinakuwa za rangi ya machungwa na zinakwaruza.
Msomaji

JIBU: Ni kutu ya juujuu. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya baharini, kwa hiyo breki chache za kwanza huifuta. Sauti ikiendelea hata diski zikishang'aa, chungulia kati ya diski na bamba la vumbi. Kichangarawe hunasa hapo kirahisi. Lisukume bamba kidogo kwa bisibisi, uzungushe gurudumu kwa mkono, kitadondoka.