Mama mdogo na meli ya Zanzibar

Ndugu yangu wa Moshi, umeuliza kama mama mdogo wako, ambaye meli yake ya kitalii itatia nanga Zanzibar kwa siku moja, anunue ziara inayouzwa na meli yenyewe au umtafutie mwongozaji wa pale. Mimi hupokea wageni hapa Arusha, na ningetazama kwanza umbali. Mji Mkongwe unaanza hatua chache tu kutoka bandarini, kwa hiyo kulipia basi la meli ni kupoteza fedha. Mwongozaji mwenye leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar atamtembeza kwa mwendo wake, hata akitaka kukaa kwenye baraza apumzishe magoti. Akitaka msitu wa Jozani, ulio takribani kilomita 35 kutoka mjini, hesabu hubadilika, kwa kuwa meli kwa kawaida husubiri ziara zake zikichelewa, lakini aliyetoka kivyake huachwa. Akienda kivyake, apange kurudi bandarini muda wa saa mbili kabla ya muda wa mwisho wa kupanda meli, tena meli ikisema “5 pm”, mwandikieni dereva “saa 11 jioni”, maana “saa 5” kwake ni asubuhi.